Windy ukiifungua Uganda: upepo uamini, mvua ihoji

Windy ni ramani ya hali ya hewa inayotembea. Unaifungua kwenye simu au kompyuta, vistari vyeupe, ambavyo humu tutaviita mishale, vinatiririka juu ya nchi vikionyesha upepo unakotoka na unakoelekea, na ukigusa mahali popote inakupa utabiri wa siku zinazofuata. Ilianzishwa Jamhuri ya Cheki mwaka 2014, na sehemu kubwa ya yaliyo muhimu ndani yake hutolewa bure. Watu wengi Uganda huitumia kwa jambo moja tu: kutazama alama ya wingu na matone kwenye mji wao, kisha kuamua waanike mahindi au wasianike. Hapo ndipo inapowaangusha. Chombo hiki kinaujua upepo vizuri sana, lakini mvua ya Uganda kinaikisia. Mambo hayo mawili yana chanzo kimoja, yaani bahari zilizo mbali nasi, ziwa lililo mlangoni petu na milima iliyosimama katikati.

Tathmini hii ni ya wenye kitu cha kupoteza mvua ikija au isipokuja: wakulima na wachuuzi wa nafaka, wenye kahawa kwenye vichanja, wavuvi na wenye boti, waongozaji wa wapanda mlima, madereva wa barabara za murramu.

Kilicho ndani yake

Windy haitabiri chochote yenyewe. Huchukua mahesabu ya vituo vikubwa vya hali ya hewa na kuyachora. Kwa Uganda kuna modeli tatu za kuangalia, yaani programu zinazokokotoa hali ya hewa. ECMWF, ya kituo cha Ulaya, huigawa dunia katika miraba ya kilomita 9. ICON ya Ujerumani hutumia kilomita 13. GFS ya Marekani huonyeshwa kwa kilomita 22. Anza na ECMWF kila mara, na hizo nyingine ziwe mashahidi. Zote tatu zikikubaliana kuhusu upepo wa siku tatu zijazo, panga kazi zako. Zikipingana, usichague ile inayokufurahisha. Kupingana kwao kunaonyesha kwamba tofauti ndogo ya leo inazaa tofauti kubwa ya keshokutwa, na hakuna mojawapo inayostahili kuaminiwa peke yake.

Kuna vitu viwili vya kurekebisha kabla ya yote. Kasi ya upepo mwanzoni huonyeshwa kwa noti, kipimo cha mabaharia, na noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa. Gusa ule mstari wa rangi wenye namba na itabadilika kuwa kilomita. Kisha saa: programu huandika 15:00, nayo ni saa tisa alasiri. Baadhi ya matabaka, yaani ramani unazowasha moja moja za upepo, joto, mvua na kadhalika, hasa picha za setilaiti, huweza kuonyesha saa ya kimataifa yenye herufi Z, na hiyo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Mtu anayesoma 06Z kama saa kumi na mbili asubuhi atakuwa ameikosa dhoruba kwa saa tatu nzima.

Mtego wa kimo

Ramani ikifunguka huonyesha upepo wa usoni mwa ardhi, mita 10 juu yake. Upepo huo hukatwa na miti, vilima na nyumba, na karibu na ziwa hugeuka mara mbili kwa siku. Haukuambii hewa imetoka wapi. Ili kulijua hilo tumia kitelezi cha kimo kilicho kwenye tabaka la upepo, chenye namba za mita na hektopaskali, kipimo cha mgandamizo wa hewa.

Wengi hukosea hapa. Vimo vile vimepimwa kutoka usawa wa bahari. Havianzii kwenye ardhi uliyosimama. Kampala iko karibu mita 1,200. Ukichagua mita 750, yaani hektopaskali 925, mishale bado itachorwa vizuri juu ya jiji, ila hapo ni ndani ya ardhi, na modeli imejazia namba ili ramani isibaki na tundu. Mita 1,500, yaani hektopaskali 850, ni mita 300 tu juu ya Kampala. Huko Mbarara kimo hicho karibu kinagusa paa, na Kabale kimeshazama kwenye udongo, maana mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,800.

Kwa hiyo chagua kimo kulingana na mahali. Gulu, Lira, Soroti, Karamoja na kandokando ya Ziwa Viktoria, tumia mita 1,500. Mbarara na Fort Portal, panda hadi mita 2,000. Ukitaka kuona hewa ya nchi nzima inatoka bara lipi, tumia mita 3,000, yaani hektopaskali 700. Hiki ndicho kimo muhimu kuliko vyote kwa Uganda, na ni wachache wanaokifungua.

Desemba hadi Februari

Kiangazi chetu cha mwisho wa mwaka huzaliwa kwenye baridi ya watu wengine, na Windy hulionyesha hilo waziwazi. Washa tabaka la mgandamizo wa hewa, kisha vuta ramani hadi Siberia. Januari utakuta duara kubwa lenye namba zinazovuka hektopaskali 1,040. Ardhi ile imefunikwa na theluji, usiku wake ni mrefu, hewa iliyo juu yake hupoa, huwa nzito na kujilundika. Kusini yake wamesimama Himalaya na uwanda wa Tibet, ukuta ambao hewa hiyo nzito haiwezi kuupanda. Ndiyo maana Delhi ina baridi ya kawaida tu huku Siberia ikiganda. Upepo unaotufikia sisi huanzia upande wa huku wa ukuta, yaani kaskazini-magharibi mwa Bara Hindi, Uajemi na Uarabuni, ambako majira ya baridi nayo hujenga hewa nzito na kavu. Walioenda kyeyo, yaani kazi ya ugenini, Riyadh wanajua kwamba usiku wa Januari huko joto hushuka chini ya nyuzi 10.

Hewa hiyo ndiyo kaskazi. Tawi linaloshuka pwani hupita juu ya Bahari ya Hindi na kuokota unyevu njiani. Tawi linaloingia Uganda hushuka kupitia Sudan na kandokando ya nyanda za juu za Ethiopia, na njia nzima halikunywa maji popote. Ndiyo sababu Gulu na Kitgum huweza kumaliza Januari bila mvua ya maana, na ndiyo sababu moto wa nyika husambaa kirahisi wakati huo.

Ukivuta ramani hadi Ziwa Turkana utaona kitu kingine. Kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya kuna mlango wa nchi ya chini. Upepo unaotoka kusini-mashariki hubanwa humo na kuongeza kasi, kama maji kwenye bomba lililominywa. Huvuma karibu mwaka mzima, na kwa nguvu zaidi usiku na alfajiri. Wakenya wamesimika mitambo 365 ya umeme wa upepo karibu na Loiyangalani kwa sababu hiyo. Kwa Karamoja maana yake ni kwamba unyevu wa bahari hupita mbio bila kupanda na kumwaga mvua. Windy huuonyesha upepo huo katika modeli zote tatu, hata GFS yenye miraba mikubwa, kwa sababu mlango wenyewe ni mpana, ingawa kasi halisi huweza kuwa kubwa kuliko namba inayoandikwa.

Sasa matumizi. Mahindi ya msimu wa pili huvunwa kipindi hiki, na kiwango cha unyevu kinachokubalika kwenye soko la Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5. Juu ya hapo ukungu huanza, na nyuma ya ukungu hufuata sumukuvu. Dalili za siku nzuri za kuanika huko kaskazini na Teso ni tatu, nazo zote zisimame pamoja: mishale ya mita 1,500 inatoka kaskazini-mashariki mchana na usiku, mishale ya mita 3,000 inatoka mashariki, na tabaka la unyevu wa hewa saa nane mchana liko chini ya asilimia 40 hivi. Zikikosa kukubaliana, anika lakini turubai liwe karibu. Turubai la mita 4 kwa 5 lina eneo la mita za mraba 20. Mvua ya milimita 10 juu yake ni lita 200 za maji, sawasawa na pipa zima.

Masaka, Kampala na Jinja sheria hii ni dhaifu. Kaskazi ikifika huko hukuta ziwa lenye kilomita za mraba 68,800 linalotoa mvuke kila siku, na mvua za Januari si ajabu.

Juni hadi Agosti

Majira ya baridi ya kusini mwa dunia hutufikia kama kipupwe. Mgandamizo mkubwa hujijenga kwenye bahari mashariki ya Madagaska na kusi huanza kuvuma. Kwenye Windy utaona mishale ikivuka ikweta pwani ya Kenya, ikijipinda Somalia na kukimbilia India, huku unyevu mwingi wa Bahari ya Hindi ukisafirishwa kwenda kunyesha huko. Isingiro na Mbarara hukauka, Kabale hutetemeka asubuhi, na ukanda wa mvua uko kaskazini kwetu, kwa hiyo Acholi, Lango na Karamoja ndio wenye mvua. Tabaka la upepo halina shida hapa. Tabaka la joto lina kasoro moja ndogo: mabonde ya Kigezi ambako hewa baridi hutelemka usiku na kutuama ni membamba kuliko mraba wa kilomita 9, kwa hiyo namba ya alfajiri huwa ya juu kuliko hali halisi ya bondeni.

Mishale ikigeuka

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Ukiwa na Windy, dalili huonekana siku kadhaa kabla ya mawingu: mishale ya mita 3,000 juu ya Uganda, ambayo kwa kawaida hutoka mashariki, ikigeuka na kutoka magharibi. Hapo hewa inatoka msitu wa Kongo, imeshiba unyevu, na ikikutana na hewa ya mashariki juu ya nyanda zetu hulazimika kupanda. Siku za aina hiyo huwa na mvua nyingi zaidi ya kawaida, hata katikati ya kiangazi. Ukiona ugeuzi huo kwenye ECMWF na GFS kwa pamoja, siku tatu au nne mbele, funika mahindi bila kungoja alama ya tone.

Nani huigeuza? Mara nyingine ni vimbunga vya Bahari ya Hindi, na hapa ramani ya Windy haina mpinzani, kwa sababu kimbunga unakiona kama gurudumu linalozunguka. Mahali kilipo ndipo kwenye maana. Kikiwa mashariki ya Madagaska, huvuta hewa ya Kongo ivuke Uganda na Kenya kuelekea baharini, na sisi tunapata mvua. Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilikuwa upande huo, na Afrika Mashariki ililowa vibaya. Kikiwa kwenye mlango wa Msumbiji, hunyonya unyevu kwenda kusini na sisi tunabaki na jua. Machi 2019, Idai ilipokuwa huko kabla ya kupiga Beira, mvua za masika zilichelewa. Kwa mkulima wa Uganda ya kati anayeshika mbegu mkononi mwezi Machi, kutazama Madagaska kwa dakika mbili kuna faida kubwa kuliko kutazama alama za mji wake wiki nzima.

Kwa nini alama ya mvua hudanganya

Wingu la radi la Uganda huweza kuwa na upana wa kilomita tatu. Mraba wa ECMWF una kilomita 9 kila upande, yaani kilomita za mraba 81. Modeli haiwezi kuliona wingu hilo. Hukadiria kwamba hali inaruhusu mvua, kisha hugawa wastani kwa mraba wote. Mvua ya milimita 27 ikinyesha kwenye sehemu moja ya tisa ya mraba, wastani ni milimita 3. Simu yako itaandika 3. Mtaa mmoja utafurika na mitaa minane itabaki na vumbi. Kwa hiyo milimita 3 za Windy zisome kama uwezekano wa dhoruba ya hapa na pale. Usiziweke kwenye hesabu ya maji shambani.

Kosa la pili ni la saa. Modeli za dunia nzima huwahi kuanzisha mvua ya mchana: huinyesha saa sita au saa saba, wakati dhoruba halisi ya bara hukomaa kati ya saa tisa na saa kumi na mbili jioni. Ukiona rangi ya buluu saa saba, isogeze mbele saa mbili au tatu. Kosa la tatu ni kupenda manyunyu. Siku nyingi huandikiwa nusu milimita ambayo hainyeshi kabisa. Chini ya milimita moja kwa siku, puuza.

Toleo la kulipia hutoa utabiri wa saa moja moja badala ya saa tatu tatu. Kwa mvua ya Uganda faida yake ni ndogo, kwa kuwa kosa lenyewe ni kubwa kuliko saa moja. Anayehitaji upepo wa ziwani kila saa anaweza kulifikiria. Wengine pesa hizo zibaki mfukoni.

Ziwani

Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji, upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na mawingu hujijenga bara. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa, upepo hutoka pande zote kuingia ziwani, hukutana katikati na kupanda. Dhoruba kubwa za Ziwa Viktoria kwa hiyo huzaliwa usiku wa manane, husukumwa na upepo wa mashariki kuelekea magharibi, na kufika Ssese, Entebbe na Kampala alfajiri au asubuhi. Visiwa vya Ssese hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka kwa mtindo huo.

Windy huuonyesha upepo wa usiku unaokutana ziwani, angalau kwenye ECMWF. Isichoweza kuonyesha ni upepo unaoporomoka kutoka ndani ya dhoruba yenyewe. Ule ndio unaopindua mitumbwi. Mvua ikianguka hupoza hewa, hewa hiyo nzito hushuka kwa kishindo na kutandaa juu ya maji, na ziwa lililokuwa shwari huchafuka kwa dakika chache. Ramani ikisema noti 6 saa tisa usiku, hiyo ni hali ya kabla ya dhoruba. Anayetoka kuvua afungue picha za setilaiti, ambazo setilaiti za Ulaya za Meteosat hupiga kila robo saa au chini yake. Wingu lenye kilele cha baridi kali linalokua upande wa mashariki ya ziwa ni onyo tosha la kurudi ufukweni. Na kabla ya kutoka asome utabiri wa ziwa wa huduma ya hali ya hewa ya serikali ya Uganda, unaoandikwa na watu wanaolijua ziwa hili. Kwenye jambo hili ni bora kuliko Windy.

Milimani

Safu ya Rwenzori ina upana wa takriban kilomita 50. Kwa ECMWF hiyo ni miraba mitano au sita, na kwa GFS ni miwili. Kilele cha Margherita chenye mita 5,109 hupondwa na kuwa kilima cha wastani. Matokeo yake ni mabaya pande zote mbili. Upande unaopokea unyevu modeli hupunguza mvua, na upande wa kivuli cha mvua huiongeza. Miteremko ya kati ya mlima hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na Kasese, iliyo chini bondeni kwenye mita 960, haifiki 1,000. Umbali kati yao ni mwendo wa siku moja kwa miguu. Usichukue alama ya Kasese kumwambia mgeni hali ya mlimani.

Muongozaji afanye hivi. Upepo wa kambi za juu asome kwenye mita 4,200, na wa kilele kwenye mita 5,500. Afungue tabaka la kimo cha kuganda, yaani kimo ambako joto hufika nyuzi sifuri, ambacho kwetu kwa kawaida huwa kati ya mita 4,500 na 5,000. Kikiwa chini ya 4,600, kinachonyesha kwenye kibanda cha wapanda mlima cha Elena ni theluji, na mawe yatateleza asubuhi. Joto alihesabu mwenyewe: toa nyuzi 0.65 kwa kila mita 100 za kupanda. Kasese ikiwa na nyuzi 18 usiku, kibanda cha Elena kwenye mita 4,541 kiko mita 3,580 juu yake, hivyo toa nyuzi 23. Unabaki na nyuzi 5 chini ya sifuri. Hesabu hiyo ya penseli huwa karibu na ukweli kuliko namba ya simu iliyosomwa kwenye mraba usio sahihi.

Elgon ni jambo la uhai. Miteremko ya Bududa na Bulambuli ni mikali, udongo wake ni wa mfinyanzi, na ukishiba maji hukatika. Maporomoko ya Nametsi ya Machi 2010, ya Bududa ya Oktoba 2018 na ya Bulambuli ya Novemba 2024 yote yalikuja baada ya mvua nzito. Windy ina tabaka la jumla ya mvua kwa siku 3, 5 na 10. Litumie kama king'ora tu. Kwa kuwa modeli huupunguza mlima na mvua yake, namba inayoonekana ya kawaida Mbale inaweza kuwa kubwa sana mita 600 juu yake. Siku kadhaa mfululizo za rangi nzito, pamoja na mishale ya mita 3,000 kutoka magharibi, zinatosha kuwahamisha watoto na wazee usiku bila kusubiri tangazo. Ufa mpya ardhini au chemchemi inayotokea pasipokuwa na maji ni ishara kubwa kuliko ramani yoyote.

Inakokoma

Windy haivuki wiki mbili hivi. Swali la mkulima la Agosti, kama mvua za Septemba hadi Desemba zitakuwa nyingi, hailijibu. Jibu hilo liko kwenye joto la bahari. Magharibi mwa Bahari ya Hindi, upande wetu, maji yakiwa na joto kuliko upande wa Sumatra, mvua hizo huongezeka; ikiwa kinyume, hupungua. Mwaka 1961, 1997 na 2019 tofauti hiyo ilikuwa kubwa. Baada ya ule wa 2019, kimo cha maji ya Ziwa Viktoria kwenye kipimo cha Jinja kilifikia mita 13.42 Mei 2020, kikaipita rekodi ya 1964, na nyumba za ufukweni zikaingia maji. El Niño, yaani joto la ziada kwenye Bahari ya Pasifiki, peke yake haitoshi kama kigezo: ile ya 2015 ilikuwa kubwa sana, lakini mvua zetu hazikufikia zile za 1997. Tabaka la joto la bahari la Windy huonyesha nyuzi za leo bila kusema zimezidi au zimepungua kiasi gani kutoka kawaida, kwa hiyo kwa kazi hii halifai.

Kwa msimu soma taarifa za huduma yetu ya hali ya hewa pamoja na za ICPAC, kituo cha kanda kilichoko Kenya ambacho huwakusanya wataalamu wa nchi za Pembe ya Afrika kabla ya kila msimu. Zisome kwa uangalifu. Taarifa ikisema asilimia 50 kwa mvua za juu ya wastani, kumbuka kwamba makundi ni matatu, na bila habari yoyote kila moja lingekuwa na 33. Hamsini ni dalili nzuri, lakini nusu ya nafasi bado iko kwa mengine mawili. Panda kwa dalili hiyo, ila weka akiba ya mbegu.

Kwa wenye ndugu nje

Huko ugenini, Windy ni sahihi kuliko ilivyo kwetu, maana mvua ya majira ya baridi ya Ulaya huletwa na mifumo mipana ambayo modeli huiona vizuri. Fungua tabaka la joto mwezi Januari ulinganishe London na Goose Bay, Kanada, iliyo kaskazini kidogo tu ya London. London kwa wastani huwa na nyuzi 5 au 6; Goose Bay hushuka zaidi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Zote ziko karibu na Atlantiki. Tofauti ni upepo wa magharibi: London huupokea ukitoka baharini, Goose Bay huupokea ukitoka bara lililoganda. Nenda Norwei, Bergen hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na Oslo, nyuma ya milima, chini ya nusu yake. Ni habari ile ile ya Rwenzori na Kasese. Mtu akikuambia anahamia mji fulani, usimtazamie latitudo tu. Mtazamie mishale inatoka wapi.

Kuipima mwenyewe

Ili ujue inakudanganya kiasi gani hapo ulipo, weka kipimo cha mvua. Kopo lolote lenye kuta zilizonyooka na kitako bapa linatosha. Lifunge kwenye nguzo kimo cha mita moja, mbali na nyumba kwa angalau mara mbili ya urefu wa nyumba, pasipokuwa na matawi juu. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ambayo vituo vyetu vya hali ya hewa husoma, tumbukiza rula, andika milimita, mwaga. Kando yake andika ECMWF ilisema nini jana yake kwa saa 24, na mishale ya mita 3,000 ilitoka wapi. Tenganisha siku za mashariki na siku za magharibi kwenye safu mbili za daftari, kwa sababu kosa la modeli halifanani katika siku hizo. Mvua ya miezi mitatu ya masika inatosha kukuonyesha uongeze au upunguze kiasi gani.